Sura ya Tano: Abiria Anaposhukia

Duka likifa Musoma, cha kwanza kutajwa ni chuma ulete. Kuna mteja, aghalabu mgeni mwenye haraka, aliyelipa kwa noti kubwa akaondoka na chenji, na tangu siku hiyo droo haikai na hela. Unauza kutwa nzima, jioni ukihesabu hazitimii. Ndiyo maana wapo wanaoficha kinga chini ya droo, na wapo ambao hata uwe jirani wa miaka mingi, ukienda asubuhi kukopa robo ya sukari watakujibu kwa upole, "Bado sijafungua, mama," hali mlango uko wazi na wewe umesimama mbele ya kaunta. Maelezo ya pili hutoka kwa majirani, nayo hayana upole wowote: hakuwa mtu wa biashara yule, amekula mtaji, ameongeza mke.

Sura hii ni ya kuwatetea waliofunga. Siwatetei wote. Mla mtaji yupo, anajulikana, na kiti chake baa kinajulikana pia. Lakini anza Mwigobero ukingoni mwa ziwa, panda Mukendo, pita Nyasho mpaka Bweri, kisha nenda Bunda na umalizie Butiama, na kwa kila mlango uliofungwa uliza jambo moja tu: nani alikuwa akimleta mteja hapa? Utajibiwa kuwa ni basi, au meli, au kiwanda, au malipo ya pamba. Aliyehamisha basi au kufunga kiwanda hakuwa mwenye duka, na huenda hakuwahi kununua hata kiberiti pale.

Wala tusiseme watu wamepungua. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 1,743,830 katika mkoa wa Mara. Ile ya 2022 ikawakuta 2,372,015. Hao zaidi ya laki sita walioongezeka wanakula, wanavaa, wanakata nywele na wanachaji simu. Wateja wapo. Tatizo ni mahali wanaposhukia.

Ukitazama ramani utaona kwamba Musoma ni mji uliojitosa ziwani. Umekaa juu ya rasi. Barabara inaingia, inapita katikati ya mji, na mbele yake ni maji. Barabara kuu ya Mwanza kwenda Sirari haiugusi mji. Inapita Makutano, na anayetoka Mwanza kwenda Tarime au Kenya hana sababu ya kuiona Musoma isipokuwa ana ndugu, kesi au mzigo. Kwa mji wa biashara hiyo ni kasoro kubwa, ila haikuwa kasoro wakati watu wa kanda hii waliposafiri kwa maji. Meli ya Victoria ilipoanza safari mwaka 1961, chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, Musoma ilikuwa kituo kwenye mzunguko wa ziwa pamoja na Kisumu, Mwanza, Bukoba na Port Bell. Gati ndilo lililokuwa mlango wa mbele wa mji, na maduka yenye baraza pana yalijipanga kulingana na mlango huo.

Halafu ukaja mfululizo wa amri na migogoro. Mwaka 1971 ilipitishwa sheria ya kutaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na nyumba nyingi za wafanyabiashara wa Kihindi katika miji ya Tanzania zikaingia mikononi mwa Msajili wa Majumba. Baba aliyekuwa akiuza vitambaa chini na kulala juu akageuka mpangaji katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Wengi hawakukaa kusubiri litakalofuata. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na mpaka huo haukufunguliwa rasmi hadi 1983. Kwa Dar es Salaam hayo yalikuwa mambo ya magazetini. Kwa Musoma ilikuwa Kisumu kuondoka kwenye ramani ya biashara, angalau kwa njia ya halali. Kwa njia nyingine, wenye mitumbwi wanajua, na sura hii haitawachongea.

Meli ilipokoma kuwa mlango, stendi ya mabasi ikawa mlango mpya. Hapa ndipo panapohitaji kutulia kidogo, kwa sababu wanaopanga miji huiona stendi kama mahali pa kuegesha magari, wakati kwa mfanyabiashara mdogo stendi ni shamba.

Fikiria kinachoota pembeni ya basi moja linaloondoka alfajiri kwenda Mwanza. Saa kumi na moja kasoro tayari kuna mama lishe mwenye chai na vitumbua, kwa sababu abiria ameamka usiku na hajala. Kuna muuza maji na mikate, kijana wa chaji na spika za masikioni, fundi viatu, mchukuzi wa mizigo, mpiga debe, wakala wa tiketi. Ng'ambo ya barabara kuna gesti yenye vyumba vya kulala wanaotoka visiwani na vijijini jana yake ili wasichelewe gari. Kuna duka la jumla ambamo mwenye kigenge wa kijijini hununua katoni mbili za sabuni akisubiri Hiace ijae. Abiria mmoja analisha wote hao kabla hajapanda, kwa sababu moja tu: anasubiri. Ukimwondolea kusubiri, umewaondolea chakula.

Musoma ilihamishia stendi yake Bweri, nje ya katikati ya mji. Kwa upande wa magari uamuzi ulikuwa na mantiki: mabasi makubwa yasiingie kwenye mitaa myembamba, na anayetoka Makutano asivuke mji mzima ndipo ashuke. Baada ya kuhama, ofisi za tiketi zilibaki mjini, abiria akawa anakata tiketi mjini kisha anapanda daladala kwenda Bweri kulikuta basi. Mtu wa mbali angesema basi mji haukupoteza kitu, abiria bado anapita. Kupita ni jambo moja na kusubiri ni jingine. Anayekata tiketi anakaa dakika tano na kuondoka, na hanunui wali. Anayesubiri gari ana saa nzima, ana njaa, ana mtoto anayelia na begi asiloweza kuliacha. Kwa hiyo mama lishe wa stendi ya zamani alipoteza abiria yuleyule ambaye kwenye hesabu za mji alikuwa bado anapita mbele ya macho yake.

Kwa nini basi asihamie Bweri na yeye? Hilo ndilo swali la watu wasiowahi kulipa kodi ya fremu. Kwenye stendi ya zamani alikuwa na meza au kibanda cha mbao, na alilipa ushuru kwa siku. Akiuza analipa, mvua ikinyesha hatoki na halipi. Stendi mpya huja na fremu, na fremu huja na mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita mkononi, wakati mwingine ya mwaka, na dalali naye anataka chake. Tuseme ushuru wa siku ni shilingi 500 na fremu ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Mtu aliyekuwa akitoa elfu kumi na tano kwa mwezi, kidogo kidogo, anatakiwa atoe laki tatu na sitini kwa mpigo kabla hajauza kikombe cha chai. Hizo ndizo fedha za unga, mchele, mkaa na sufuria. Akizitoa, anafungua fremu nzuri isiyo na kitu ndani. Kuhama kwa stendi kunakuwa chujio: haliulizi nani anapika vizuri wala nani ana wateja wa miaka kumi, linauliza nani ana fedha taslimu leo. Waliopita kwenye chujio hilo mara nyingi si wale waliokuwa stendi ya zamani. Ni mtumishi aliyepata mkopo wa benki, ni mwenye mabasi mwenyewe, ni mtoto wa mwenye kiwanja.

Halafu jirani anasema alikuwa hajui biashara.

Zipo biashara zinazokufa hata mteja asipohama. Ukitaka kuziona, tafuta fremu kuukuu yoyote na utazame ukuta wake. Kampuni za simu ndizo zilizopaka rangi nusu ya kuta za nchi hii bila malipo, na rangi inapobanduka unaona ya chini yake. Juu kuna nyekundu ya Airtel, ambayo ilikuja 2010. Chini yake kuna mabaki ya Zain, jina lililodumu kwa miaka miwili tu kuanzia 2008. Chini ya hapo ni Celtel, iliyoingia nchini 2001. Siku hizi wachoraji wako kazini tena, wakifuta Tigo na kuandika Yas, tangu jina hilo lilipobadilishwa mwishoni mwa 2024.

Kila tabaka la rangi lina biashara yake iliyozikwa. Wakati wa Celtel mtu aliweka simu moja juu ya meza, akaandika "Simu hapa" na kutoza kwa dakika. Foleni ilikuwepo, na siri za ndoa za mtaa mzima alizijua yeye. Simu zilipoingia mifukoni mwa watu, meza ile ikafa na mwenye nayo akawa muuza vocha. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, vocha ikabaki kuwa kazi ya pembeni na yeye akawa wakala. Uwakala ulimwinua kweli, ila ulimtaka awe na mitaji miwili kwa wakati mmoja, fedha taslimu kwenye droo na floti kwenye simu, na siku moja ikizidi nyingine anamkatalia mteja. Julai 2021 Serikali ilipoweka tozo kwenye miamala ya simu, watu wakarudi kubeba fedha kwenye soksi na kwenye upindo wa kanga. Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikaendelea kulegezwa. Wakala mwenye mtaji wa kati alivumilia. Yule wa mwavuli na kiti cha plastiki, aliyeanza kwa mkopo, hakuwa na miezi miwili ya kusubiri Serikali.

Wakati huohuo zilikufa pia studio za picha za kusafisha kwa maji, mabanda ya video, maduka ya kanda na vijiwe vya mafundi redio. Hao sina la kuwatetea nalo. Dunia imewapita, kama ilivyowapita wenzao wa Nairobi na London. Nawataja kwa sababu wengi wao hawakufunga: walibadili. Fundi redio ni fundi simu leo, na mwenye studio anapiga picha za pasipoti na kutoa kopi za vyeti.

Rudi Mwigobero. Hapa biashara ndogo zinategemea samaki, na samaki ana ratiba isiyojali tarehe ya kodi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi zaidi ni taa za sola na betri. Giza likiwa nene dagaa hufuata mwanga wa mvuvi. Mwezi ukijaa, ziwa lote linang'aa, taa haina maana na mitumbwi mingi hupumzika. Kwa hiyo duka lililoko karibu na mwalo lina miezi miwili ndani ya mwezi mmoja. Siku za giza kuna hela: wali, soda, vocha, nguo za mtoto. Siku za mbalamwezi kuna daftari la madeni. Mwenye duka mzoefu hupanga manunuzi yake kwa kutazama mbingu, akijaza mzigo mwezi ukiwa mwembamba. Mgeni aliyetoka mjini na mpango wake wa biashara wenye mauzo ya wastani kwa siku hufunga baada ya mbalamwezi ya pili, akiwa na deni kwa muuzaji wa jumla na jina la mchawi wa jirani mdomoni.

Sangara alikuwa habari nyingine. Alipandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1990 minofu yake ilikuwa inaruka kwenda Ulaya. Viwanda vya kuchakata vilijengwa kuzunguka ziwa, Musoma ikiwemo, na pembeni ya kila kiwanda likaota soko ambalo halikuwa kwenye mpango wa mwekezaji yeyote. Minofu ikishakatwa hubaki kichwa na mgongo, ambavyo kanda ya ziwa nzima inavijua kama mapanki. Kina mama waliyanunua kwa ndoo, wakayakaanga na kuyauza kwa watu ambao sangara mzima alikuwa ameshawashinda bei. Filamu ya Hubert Sauper, *Darwin's Nightmare*, iliyotoka 2004, iliyaonyesha mapanki ya Mwanza kama aibu ya dunia. Sikatai kulikuwa na aibu. Lakini aliyekuwa akisomesha watoto kwa karai la mafuta na ndoo mbili za mapanki hakuona aibu, aliona ada.

Soko la mapanki lilikuwa linapumua kwa mapafu ya watu wengine. Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria, kwa vipindi tofauti kati ya 1997 na 1999, mara kwa hofu ya vijidudu, mara kwa hofu ya kipindupindu, mara kwa sumu iliyotumiwa na baadhi ya wavuvi, viwanda vilipunguza kazi na ndoo za mapanki zikawa tupu. Baadaye sangara wenyewe wakapungua, na mwaka 2018 operesheni dhidi ya uvuvi haramu ikachoma nyavu nyingi. Wapo wanaosema iliokoa ziwa, na wapo wanaosema iliwaua. Kwa jinsi ninavyoona yote mawili yana ukweli, na aliyeokolewa si yule aliyechomewa. Baadhi ya viwanda vya Musoma vikazima mashine. Magazeti yakahesabu vibarua waliopoteza kazi. Waliokuwa wakikaanga nje ya uzio hawakuwa kwenye orodha ya mishahara, kwa hiyo hakuna aliyewahesabu.

Kisha Mei 2020 ziwa lenyewe likapanda, likavuka hata kiwango cha 1964 ambacho wazee walikuwa wakikisimulia kama gharika. Kuzunguka ziwa lote, vibanda vya ufukweni viliingiwa na maji. Ukiwa na hati ya kiwanja unalalamika. Ukiwa na banda la mabati kwenye mchanga, unabeba mabati yako.

Kabla sijatoka Musoma nikitaje kiwanda kimoja zaidi. Mutex, kiwanda cha nguo, kilipokuwa hai kilikuwa kinaupa mji kitu ambacho samaki hawawezi kukitoa: tarehe ya mshahara. Duka la mtaa lingeweza kumkopesha mfanyakazi wa kiwanda mchele tarehe kumi likijua tarehe ya mwisho wa mwezi atalipa. Kiwanda kiliposimama katika miaka ya 1990, pamoja na mishahara ikapotea sababu ya kukopeshana. Baadhi ya vile vibao vya "Leo fedha, kesho mkopo" tunavyovicheka vilipigiliwa baada ya hapo.

Bunda iko kwenye njia kuu, na ndiyo bahati yake. Basi la Mwanza na lori la Sirari lazima vipite katikati ya mji, vipunguze mwendo, na mara nyingi visimame. Ila Bunda ya zamani haikuishi kwa barabara. Iliishi kwa pamba. Ushirika ulinunua, vinu vilichambua, na mkulima alipolipwa aliingia mjini akiwa na orodha ndefu: bati, baiskeli, redio, kanga mbili, daftari za watoto. Mwenye duka alijaza mzigo kuanzia Mei akijua hayo. Kisha vyama vikuu vya ushirika vikafutwa mwaka 1976, vikarudishwa miaka ya 1980, ndipo Chama Kikuu cha Ushirika cha Mara cha 1984 kilipozaliwa. Na mwaka 1994 soko la pamba likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Kila mageuzi yalikuwa na hoja zake Dodoma na Dar es Salaam. Kwenye kaunta ya Bunda yalisomeka kwa namna moja: je, mwaka huu mkulima atalipwa lini, na kwa bei gani? Msimu wa malipo ulipokosa tarehe, duka la baiskeli na bati lilikosa sababu ya kujaza mzigo. Mkulima naye akageukia muhogo, dengu na choroko, vitu vinavyouzwa kidogo kidogo, na hela yake ikaja kidogo kidogo. Hela ya namna hiyo hainunui bati. Inanunua sukari nusu kilo, muda wa maongezi na nauli ya bodaboda. Ndiyo maana Bunda ya leo imejaa biashara za shilingi mia tano na elfu moja, na anayedhani ni uvivu wa kufikiri makubwa hajawahi kuuza bati kwa mtu anayelipwa kwa debe.

Lami nayo ina mambo yake. Lami ilipoelekea Kibara na Kisorya, kwenye kivuko cha kwenda Ukerewe, kila mtu alitarajia maduka ya njiani yanenepe. Barabara nzuri haichagui upande. Inamleta mteja dukani kwako kijijini, na inampeleka pia moja kwa moja Bunda mjini, ambako bei ni nafuu na nguo ni nyingi. Duka la kijijini lililokuwa likiuza ghali kwa sababu gari lilikuja mara mbili kwa wiki limepoteza ule umbali uliokuwa ukililinda. Bodaboda kumi zimezaliwa, duka moja limekufa, na sote tumepiga makofi siku ya uzinduzi. Sisemi lami isijengwe.

Mtaji wa kuanza upya unatoka wapi? Kwa mwenye jina zuri kuna mali kauli: unachukua mzigo kwa muuzaji wa jumla kwa neno lako tu, unauza, unarudisha. Kuna VICOBA na michezo ya kupokezana. Kuna asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo kisheria hugawiwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa Aprili 2023 ili mfumo upangwe upya, na ulianza kurejea mwaka uliofuata. Katika pengo hilo ndipo wakopeshaji ambao mitaani wanaitwa kausha damu walipovuna. Wanakuja na pikipiki, wanatoa laki moja bila maswali, wanataka rejesho kila siku, na kochi lako ndilo dhamana. Kochi likiondoka mchana kweupe, mtaa mzima unajua, na hapo hata mali kauli inakufa, kwa sababu jina ndilo lililokuwa dhamana yake.

Butiama nimeiacha mwisho kwa sababu ya mtu wake. Mwalimu Nyerere alizaliwa hapa Aprili 1922 na akazikwa hapa Oktoba 1999, na wachache wanakumbuka kwamba alikuwa na historia na maduka muda mrefu kabla ya Ikulu. Alipokuwa akifundisha Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, katika nusu ya pili ya miaka ya 1940, alifanya kwa muda mfupi kazi ya ukaguzi wa bei: kuingia dukani na kutazama mwenye duka anatoza ngapi. Aliacha baada ya kuona taarifa zake za udanganyifu zinawekwa kapuni na wakubwa. Tawi la Tabora la Chama cha Waafrika, alimokuwa kiongozi, lilifungua duka la kuuza sukari, unga na sabuni. Kwa kijana yule, duka la mtu binafsi lilikuwa mahali maskini anapopunjwa, na duka la pamoja lilikuwa dawa.

Ukiyajua hayo, Operesheni Maduka ya mwaka 1976 haikushangazi. Maduka binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika ya kijiji. Yalifungwa haraka, na mbadala haukuwa tayari. Rafu za ushirika zilikuwa tupu, mwanakijiji akatembea kilomita kadhaa kutafuta chumvi, na kabla mwaka haujaisha Serikali ikalegeza kamba. Nadhani Mwalimu alikuwa sahihi kuhusu kupunjwa, maana hata leo bei ya mafuta ya kula kijijini inatia shaka. Alikosea kuhusu mwenye duka. Yule mwenye kaunta hakuwa akiuza sukari peke yake. Alikuwa anajua nani anauguliwa, nani atavuna lini, nani akopeshwe na nani aambiwe "sijafungua". Ujuzi huo hauhamishwi kwa barua ya mkoa.

Butiama ya sasa inajengwa kwa barua pia, safari hii za kuanzisha. Imepewa hadhi ya wilaya, ikapata ofisi na watumishi, na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia chenye jina la Mwalimu kinajengwa hapa. Pembeni ya matangazo hayo fremu huanza kuinuka kabla hata ya wanafunzi kufika: steshenari, saluni, chipsi, duka la dawa muhimu. Wageni wa makumbusho na kaburi la Mwitongo huja, hasa karibu na Oktoba 14, wanapiga picha, wengi wao wanarudi kulala Musoma. Aliyejenga kwa kutegemea chuo anakula akiba yake akisubiri. Na si mbali, Buhemba, ardhi ikitoa harufu ya dhahabu, biashara hazisubiri jengo wala leseni: ndani ya siku chache kuna mama lishe, wauza maji, karasha za kusaga mawe na bodaboda zisizohesabika. Mwamba ukikauka, turubai zinakunjwa na kijiji kinabaki na mashimo. Hakuna anayemwita mama lishe wa Buhemba mzembe kwa kuhama. Mwenzake wa stendi, aliyefanya vilevile kwa sababu ileile, anaitwa hajui biashara.

Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zitaendelea kuhamisha vitu, na zina haki. Ombi langu ni dogo na lina gharama ndogo. Kila stendi na kila soko lina kitabu cha stakabadhi za ushuru, na humo yamo majina ya waliolipa kila siku kwa miaka. Siku madiwani watakapokaa kujadili stendi mpya au soko jipya, wafungue kitabu hicho kabla ya mchoro wa mhandisi. Waliomo wapewe vizimba vya kwanza, kwa ushuru wa siku kama walivyozoea, walau kwa mwaka mmoja, ndipo fremu zilizobaki zitangazwe kwa wenye kodi ya miezi sita.